Kisa cha chumba cha baridi Rungwe: moshi ulishtakiwa, gesi ikaachwa

Kikundi kimoja cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe, kando ya barabara ya kutoka Mbeya kwenda Kyela, kililetewa fomu na mnunuzi anayesafirisha matunda nje. Swali mojawapo liliuliza kama kikundi kinatumia au kinatoa hewani kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, ile gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Mama katibu akajaza: "Hapana. Ila majirani wana matanuri ya tofali yanayotoa moshi mwingi, tunaomba wachukuliwe hatua."

Nyuma ya ukuta wa ofisi hiyohiyo kuna chumba cha baridi, na kwenye bango la mtambo wake imeandikwa R-22, kilo 9. R-22, gesi inayozunguka ndani ya mtambo ili kuleta baridi, ni miongoni mwa kemikali ambazo fomu ilikuwa inaziulizia. Katika daftari la risiti la mama katibu mwenyewe, misimu miwili ilikuwa imenunuliwa mitungi miwili ya gesi hiyo, kila mmoja kilo 13.6. Jumla kilo 27.2, yaani mtambo wa kilo 9 umemeza mara tatu ya ujazo wake.

Nimefanya kazi na mitambo ya baridi kwa muda mrefu, na ndiyo maana nilialikwa kuangalia. Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu naamini kinafanana na vingine vingi kati ya Mbeya, Njombe na Iringa, kwenye mabucha, vituo vya maziwa na maghala ya matunda. Mama katibu hakudanganya. Alijibu kwa kile ambacho jicho linakiona, na katika suala la ozoni jicho hupotosha.

Moshi wa tanuri unafika wapi

Tuanze na mshtakiwa. Tanuri la tofali linalochomwa kwa magogo ya mikaratusi hutoa masizi, vumbi laini, kaboni monoksaidi na mvuke wa kila aina. Uchafu huo ni mbaya kwa kifua. Mtoto anayelala karibu na tanuri anakohoa, na jirani ana haki ya kulalamika. Lakini tabaka la ozoni liko mbali sana, sehemu kubwa kati ya kilomita 15 na 35 juu yetu, na masizi ya tanuri hayafiki huko. Mvua huyaosha baada ya siku au wiki chache, na Rungwe mvua haina uhaba. Ni moto mkubwa kupita kiasi, kama ule wa misitu ya Australia wa mwaka 2019 na 2020, ndio uliowahi kurusha moshi hadi juu kiasi cha kuonekana umegusa ozoni ya huko. Tanuri la kijijini halina nguvu hiyo.

Moshi huo una uhusiano mwingine na ozoni, na nadhani mkanganyiko unaanzia hapo. Moshi wa kuni na wa magari ukipigwa na jua kali hutengeneza ozoni hapahapa chini, tunapopumulia. Ozoni ya chini huwasha mapafu na kuunguza majani ya mazao. Gesi ni ileile ila mahali ni pengine: ikiwa juu inatukinga, ikiwa chini inatuumiza. Ile ya chini haipandi kwenda kuziba pengo la juu, maana huvunjika mapema njiani. Kwa hiyo matanuri yana kesi ya kujibu, lakini si kesi ya fomu ile.

Gesi isiyo na harufu

R-22 haina rangi, haitoi moshi, na ikivuja kidogo huwezi kuisikia kwa pua. Ukoo wake ulipendwa kwa tabia hizohizo. Kabla ya mwaka 1928, friji zilitumia amonia na salfa dioksaidi, gesi ambazo zikivuja ndani ya nyumba zinaua. Thomas Midgley na wenzake nchini Marekani wakaja na klorofluorokaboni, yaani CFC. Hazikuwaka, hazikudhuru mtu, hazikuvunjika upesi. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta balaa. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi isiyovunjika huku chini lazima siku moja ifike juu, na huko jua litaivunja na kuachia klorini. Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakatangaza kwamba juu ya kituo cha Halley, Antaktika, ozoni ya majira ya Oktoba imepungua vibaya.

Wajumbe wa kikundi waliniuliza swali zuri: gesi hii ni nzito kuliko hewa, itapandaje? Kweli ni nzito. Ukiiachia kwenye shimo inatulia chini. Lakini nje, upepo na mawingu ya ngurumo huchanganya kila kitu, na ndani ya mwaka mmoja au miwili gesi iliyotoka Rungwe imetapakaa dunia nzima. Tena hewa ya anga la chini huingia stratosfia, yaani anga la juu ya mawingu ya mvua, hasa kupitia ukanda wa tropiki, ambako mpaka wa kati ya anga hizo mbili uko kilomita 16 hadi 18 juu. Huku kwetu ndiko mlango ulipo. Baada ya kuingia, hewa hiyo husafiri polepole kuelekea ncha za dunia.

Juu kule mionzi mikali ya urujuanimno huing'oa klorini kutoka kwenye molekuli. Atomu ya klorini humnyang'anya ozoni atomu moja ya oksijeni na kuwa klorini monoksaidi. Hiyo ikikutana na atomu ya oksijeni iliyo peke yake, inamwachia ile iliyobeba, na klorini inabaki huru kuanza upya. Inakadiriwa atomu moja ya klorini inaweza kuharibu hadi molekuli 100,000 za ozoni kabla haijanaswa na kemikali nyingine. Antaktika ina nyongeza yake. Katika giza la majira ya baridi, hewa hushuka chini ya nyuzi 78 za hasi, mawingu ya barafu yanajitokeza, na juu yake klorini iliyokuwa imefungwa hufunguliwa. Jua likirudi mwezi Septemba, uharibifu unakwenda kwa kasi. Ndiyo sababu lile pengo liko kule, si juu ya Mlima Rungwe.

Haki itendeke kwa R-22 pia. Tofauti na R-12, CFC iliyokuwa kwenye friji za zamani, molekuli yake ina haidrojeni, na hiyo huipa hidroksili, kemikali inayosafisha anga la chini, mahali pa kuishikia. Kwa hiyo sehemu kubwa huvunjwa kabla ya kufika juu. R-22 hudumu angani kama miaka 12, R-12 karibu 100. Nguvu yake ya kuharibu ozoni ni 0.055, ukichukua CFC-11 kuwa 1. Mitungi miwili ya kikundi ni sawa na kilo moja na nusu ya CFC-11. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Lakini gesi hiyohiyo hushika joto: kilo moja ni sawa na kilo 1,810 za kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Zidisha kwa 27.2, unapata tani 49, kutoka chumba kimoja, achilia mbali gesi iliyokuja na mtambo wenyewe. Nilipoiandika hesabu hiyo ubaoni, mwenyekiti aliomba niirudie.

Kuna jambo lililonigusa zaidi kwenye mkutano ule. Mmoja wa wakulima ni mtu mwenye ualbino, huvuna na wenzake akiwa amevaa kofia pana na mikono mirefu. Aliuliza kama jua linalomuunguza limetokana na pengo la ozoni. Nilimjibu hapana, na hakufurahia jibu. Nchi za karibu na ikweta zina ozoni nyembamba kiasili kuliko Ulaya, jua letu huja karibu wima, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Ukiwa Tukuyu, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, tayari unapigwa. Ngozi yake ilikuwa hatarini hata kabla Midgley hajazaliwa. Lakini hapo ndipo hoja inaposimama: hatuna akiba ya kuchezea. Ozoni yote ya dunia ukiishusha chini na kuikandamiza kwa hewa ya kawaida, unene wake ni milimita 3 tu. Ikipungua kidogo, wa kwanza kuumia ni yeye, na wazee wenye macho yanayoanza kuingia mtoto wa jicho.

Tundu lilikuwa wapi

Parachichi aina ya Hass la kusafirisha huhifadhiwa kwenye nyuzi 5 hadi 7. Chumba kilikuwa kinagoma kwenye 11. Kila mara fundi aliitwa, akafunga geji, akasema gesi imepungua, akaongeza, baridi ikarudi. Baada ya wiki kadhaa mambo yakawa yaleyale. Mtambo wa baridi hauli gesi kama gari linavyokula petroli. Gesi inazunguka mlemle kwa miaka. Ikipungua imetoka, na kama imetoka kuna mahali imetokea.

Tulianza kwa macho. Gesi inapotoka hubeba na mafuta kidogo ya kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, kwa hiyo penye tundu huwa na ukoko wa vumbi lililolowa mafuta. Nyuma ya kondensa, sehemu ya mtambo inayotoa joto nje, bomba la shaba lilikuwa limepita juu ya bano la chuma bila mpira katikati. Kila kompresa inapowaka bomba linatetemeka na kusugua chuma. Shaba ilikuwa imelika ikawa na mstari unaong'aa, mfupi kama punje ya mchele, na chini yake ukoko mweusi. Tulipaka povu la sabuni. Mwanzoni halikuonyesha kitu. Kompresa ilipowashwa na mgandamizo ulipopanda, kiputo kimoja kikaanza kuvimba taratibu, kikapasuka, kikaja kingine. Nati moja kwenye ivapoleta, sehemu inayopoza hewa ndani ya chumba, nayo ilikuwa inatoa viputo vidogovidogo kama mchanga.

Mwenyekiti alichutama pale kwa muda, kisha akamgeukia fundi.

"Fundi, miaka yote hii hukuona hapa?"

"Mzee, mkiniita mnaniambia matunda yanaoza, njoo na gesi. Nikija bila gesi mnaniona nimekuja kupoteza muda. Hakuna siku mmenilipa kutafuta tundu."

"Tulikuwa tunakulipa."

"Mlinilipa kilo, mzee."

Kiini cha kisa kizima kiko kwenye jibu hilo, na nilimtetea yule kijana mbele ya kikundi. Risiti zote zinasema "gesi kilo kadhaa" na "kuongeza". Hakuna hata moja inayosema "kutafuta mvujo" au "kuziba". Fundi anayepata riziki kwenye kila kilo anayouza hana sababu ya kutumia siku nzima kutafuta kitu kitakachomfanya asiitwe tena. Mteja anayeogopa tani za matunda kuharibika usiku wa leo hana subira ya kumngoja. Wote wawili wana akili timamu, na matokeo yake gesi inakwenda angani. Semina nyingi za ozoni humweleza fundi madhara ya klorini. Ni elimu nzuri, lakini naona haifiki mbali iwapo namna ya kumlipa inabaki ileile.

Hasara ya kikundi nayo haikuwa ya mbinguni tu. Mtambo wenye gesi pungufu hufanya kazi muda mrefu kupata baridi ileile, kwa hiyo bili ya umeme ilikuwa imepanda nao wakailaumu LUKU. Matunda yaliyolainika yalikataliwa na mnunuzi, yakauzwa sokoni kwa bei ya kutupa.

Matengenezo

Mazoea ya mafundi wengi ni kufungua vali na kuiachia gesi iliyobaki hewani kabla ya kuchomelea. Safari hii tuliazima mashine ya kukusanyia gesi kutoka chuo kimoja cha ufundi, pamoja na mtungi wake maalumu, usiojazwa zaidi ya asilimia 80 ya ujazo. Mtungi mwepesi wa dukani haufai kabisa kwa kazi hiyo. Umetengenezwa kutumika mara moja, na kuujaza upya ni kuweka bomu ghalani. Zilipatikana kilo 4. Tulizichuja, na baadaye zikarudishwa kwenye mtambo uleule, kwa hiyo kikundi hakikuzinunua tena.

Kuondoa gesi kabla ya kuwasha moto kuna faida ya pili ambayo mafundi hawaambiwi vya kutosha. R-22 ikipitiwa na moto wa kuchomelea huvunjika na kutoa asidi pamoja na fosijeni, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Fundi anayekohoa kila akichomelea bomba lenye mabaki ya gesi anavuta sumu.

Bomba lilikatwa, kipande kipya kikachomelewa, mpira ukawekwa kwenye bano. Nati ya ivapoleta ilikatwa na kutengenezwa upya. Kisha mtambo ukajazwa naitrojeni na kuachwa usiku kucha ili kuona kama geji itashuka. Naitrojeni, narudia, wala si oksijeni ya mtungi wa kuchomelea kama wengine wanavyofanya. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Asubuhi sindano ilikuwa palepale. Ikafuata pampu ya kutoa hewa na unyevu, kisha gesi kwa mizani hadi kilo 9. Chumba kilishuka hadi nyuzi 6 na kikatulia hapo.

Gesi ipi baada ya hii

Kikundi kilitaka kujua kama kiendelee na R-22. Tanzania iliingia katika Itifaki ya Montreal mwaka 1993, mkataba wa kimataifa wa kuondoa kemikali zinazoharibu ozoni, uliopitishwa tarehe 16 Septemba 1987. Kwa nchi zinazoendelea, gesi za kundi la R-22 zinapunguzwa kwa hatua: asilimia 10 mwaka 2015, 35 mwaka 2020, 67.5 mwaka 2025, na kufikia 2030 kubaki kiasi kidogo cha matengenezo tu hadi 2040. Maana yake kwa mtu wa Rungwe ni rahisi: gesi itazidi kuadimika na kupanda bei, na gesi bandia zitaongezeka kwenye mitungi yenye rangi ileile.

Mjumbe mmoja alishauri waweke gesi ya kupikia, amesikia inapoza. Inapoza kweli. Propani safi, R-290, ni gesi nzuri ya baridi isiyogusa ozoni na isiyoshika joto kwa kiasi cha kutisha. Lakini mtambo wake hujengwa kwa ajili yake, wenye gesi kidogo na swichi zisizotoa cheche. Kuimwaga gesi ya jikoni kwenye mtambo wa kilo 9 wa R-22, ndani ya chumba kilichofungwa, ni kutega moto. Nilisema hapana bila kuzunguka.

Kubadili kwenda R-407C inawezekana, ila mafuta ya kompresa lazima yabadilishwe, na bado ni gesi inayoongeza joto la dunia. Haigusi ozoni kwa sababu haina klorini, lakini iko chini ya Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal, hivyo nayo itapunguzwa. Ushauri wangu ulikuwa huu: mtambo huu sasa hauvuji, utumieni mpaka kompresa ichoke, msiubadilishe gesi, na wekeni fedha kila msimu kwa ajili ya mtambo mpya wa propani uliojengwa kiwandani. Wengine wangeshauri kubadili mara moja. Mimi naona R-22 iliyofungwa vizuri ndani ya bomba haimdhuru mtu.

Kabla hatujaachana, mzee mmoja akauliza kuhusu mbolea. Nilifurahi, kwa maana hakuna aliyekuwa ameigusa. Mbolea ya naitrojeni, yurea na CAN tunazotumia kwenye mahindi na viazi hadi kule Uporoto, ikizidi mahitaji ya mmea au ikikaa kwenye udongo uliolowa chapa, vijidudu vya udongo huigeuza sehemu kuwa nitrasi oksaidi. Gesi hiyo hudumu zaidi ya miaka 100 na hufika stratosfia. Paul Crutzen, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995 pamoja na Molina na Rowland, alikuwa ameonyesha tangu 1970 jinsi oksaidi za naitrojeni zinavyomega ozoni. Leo, kwa kuwa CFC zimebanwa, nitrasi oksaidi ndiyo inayoongoza kati ya gesi za kuharibu ozoni zinazotolewa na binadamu, na Itifaki ya Montreal haiigusi. Sitamwambia mkulima wa Nyanda za Juu Kusini aache mbolea, chakula cha nchi kinategemea shamba lake. Kuigawa mara mbili, kuifukia, na kutoiweka siku udongo umejaa maji kunampunguzia hasara yeye mwenyewe kwanza.

Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2022 inasema, sera zikishikwa, ozoni itarudi katika hali ya mwaka 1980 kufikia mwaka 2040 hivi kwa sehemu kubwa ya dunia, na 2066 juu ya Antaktika. Kazi kubwa ilishafanyika. Iliyobaki iko kwenye mabomba ya namna hii.

Fomu ilijazwa upya. Safari hii mama katibu aliandika: "Ndiyo. R-22, kilo 9, mtambo umezibwa na kupimwa," na akaambatisha nakala ya daftari. Mnunuzi alipokea bila neno. Makubaliano mapya na fundi ni malipo ya kila mwezi kwa ukaguzi, povu la sabuni kwenye kila nati, na gesi haiongezwi mpaka tundu lipatikane. Fundi aliomba kiasi kikubwa kuliko walichotaka, wakavutana, wakafika katikati. Linalowasumbua sasa ni paneli mbili za ukuta zilizopasuka. Povu la ndani ya paneli kuukuu mara nyingi lilitengenezwa kwa gesi za klorini, vijana wa ghala walikuwa wameshazitenga ili wazichome moto na takataka, na hadi naandika hivi zimefunikwa kwa turubai nyuma ya ghala huku mwenyekiti akitafuta mtu wa kuzipokea.